Mbwa wa Mpangaji: Ukaguzi wa Mwenye Nyumba na Kinga Dhidi ya Kichaa cha Mbwa Jijini Mwanza

Katika nyumba nyingi za kupanga zilizobanana kwenye vilima vya Mabatini, Igogo na Bugarika jijini Mwanza, mwenye nyumba hupita kila baada ya miezi mitatu au sita kupokea kodi, na katika pita yake hiyo hutupia jicho paa, choo, mita ya umeme na idadi ya watu wanaolala chumba kimoja. Mpangaji aliyekatazwa kufuga mbwa hupata habari za ujio huo mapema, kwa simu ya jirani au kwa kelele za watoto uani. Mbwa hufungiwa stoo, hupelekwa kwa shemeji mtaa wa pili, au hufukuzwa kwa jiwe hadi mgeni aondoke. Jioni hurudi. Ukaguzi umepita, hakuna mnyama aliyeonekana, na kwa hesabu za nyumba ile hakuna mbwa.

Jambo hili huonekana kuwa la mpangaji na mwenye nyumba peke yao. Kwa mtazamo wa afya lina uzito zaidi ya hapo. Mbwa asiyekuwepo kwa mwenye nyumba mara nyingi hayupo pia kwa afisa mifugo wa kata. Siku ya chanjo hapelekwi, kwa kuwa kumvuta kwa kamba hadi ofisi ya serikali ya mtaa ni kumtangaza. Na siku anapomng'ata mtoto wa chumba cha jirani, mambo mawili yaliyopaswa kufanyika kwa uwazi, yaani kumpeleka mtoto kituo cha afya na kumfunga mbwa ili aangaliwe, hufanyika kwa kificho au hayafanyiki kabisa. Mpangaji huogopa notisi ya kuhama kuliko anavyoogopa jeraha dogo la mguuni. Hofu hiyo inaeleweka, lakini katika ugonjwa wa kichaa cha mbwa inaweza kugharimu uhai wa mtu.

Ugonjwa wenyewe

Kichaa cha mbwa husababishwa na kirusi kinachoishi katika mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama anapong'ata, anapokwaruza au anapolamba ngozi yenye mchubuko, kirusi huingia kwenye tishu, hukaa kwa muda katika misuli karibu na jeraha, kisha huingia kwenye mishipa ya fahamu na kuanza kupanda polepole kuelekea uti wa mgongo na ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili hadi mitatu, ingawa inaweza kuwa fupi kama wiki moja au kufikia mwaka. Jeraha la usoni, kichwani au shingoni lina njia fupi zaidi ya kufika kwenye ubongo, na ndiyo maana mtoto mdogo, ambaye kimo chake humweka uso kwa uso na mbwa, yumo hatarini kuliko mtu mzima aliyeng'atwa kifundoni.

Katika muda huo wote mgonjwa hujiona mzima. Jeraha hupona, kovu hubaki, na kisa husahauliwa. Dalili za kwanza huwa homa, uchovu, na mwasho au ganzi mahali palipong'atwa. Kisha hufuata hali ambayo mhudumu wa afya aliyeiona mara moja haisahau: mgonjwa ana kiu, anaomba maji, kikombe kikimkaribia koo hukaza na mwili mzima hushtuka. Hata upepo wa feni huweza kuleta mshtuko huo. Wengine hawapati fadhaa hiyo bali hupooza taratibu kuanzia kiungo kilichong'atwa, na hao ndio wanaokosewa zaidi utambuzi, kwa kuwa katika ukanda wenye malaria nyingi kama huu, mtoto mwenye homa na kuchanganyikiwa hudhaniwa kwanza kuwa na malaria ya ubongo. Nyumbani hudhaniwa amerogwa. Dalili zikishaanza, hakuna tiba inayotegemewa. Karibu wote hufariki ndani ya siku chache.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu duniani, wengi wao wakiwa Asia na Afrika, na kwamba takribani asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15. Karibu vifo vyote, asilimia 99, chanzo chake ni mbwa. Kwa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliotumia takwimu za watu waliong'atwa ulikadiria vifo vipatavyo 1,500 kwa mwaka, idadi iliyokuwa kubwa mara nyingi kuliko ile iliyokuwa ikiripotiwa rasmi. Tofauti hiyo haikutokana na uzembe wa kuhesabu tu. Mgonjwa wa kichaa mara nyingi hufia nyumbani, na asiyefika hospitali haandikwi.

Kwa upande mwingine, huu ni ugonjwa unaozuilika kwa uhakika usio wa kawaida. Louis Pasteur na wenzake walimchanja mtoto Joseph Meister mjini Paris tarehe 6 Julai 1885, na tangu hapo chanjo zimeboreshwa kiasi kwamba mtu aliyeoshwa jeraha vizuri na kupata chanjo kwa wakati, pamoja na kingamwili za kuwekwa jerahani pale zinapohitajika, ana kila sababu ya kutumaini kuwa salama. Linalotenganisha uzima na kifo ni saa na siku za mwanzo.

Kwa nini mpangaji hufuga

Si haki kumwona mpangaji anayefuga kama mkaidi tu. Nyumba nyingi za vilimani hazina uzio. Miamba ndiyo ukuta, na njia za miguu hupita mlangoni mwa kila mtu. Mama anayeondoka saa kumi alfajiri kwenda kununua dagaa na sangara Mwaloni Kirumba huacha watoto wamelala, na mbwa anayebweka ndiye mlinzi pekee anayemudu. Chakula cha mnyama huyo si tatizo, kwa kuwa vichwa na mifupa ya samaki hupatikana kwa bei ndogo au bure. Paka naye hufugwa kwa ajili ya panya, ambao katika nyumba zenye magunia ya mahindi na mpunga ni wengi kuliko wapangaji.

Mwenye nyumba pia ana sababu zake, na baadhi ni nzito. Mbwa mmoja asiyefungwa huwafukuza wapangaji wengine. Kinyesi uani huleta harufu na nzi. Wako wanaokataza kwa msingi wa imani, kwa kuwa mate ya mbwa kwao ni najisi na nyumba ni mahali pa kuswalia. Katazo la namna hiyo linastahili kuheshimiwa, na mpangaji anayejua kuwa atafuga ni vema atafute nyumba nyingine kabla ya kulipa kodi ya miezi sita. Zaidi ya hayo, mambo haya kwa kiasi kikubwa yameachwa kwa makubaliano ya pande mbili. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mkataba ndio unaobeba sehemu kubwa ya uhusiano wa mpangaji na mwenye nyumba. Mikataba mingi ya chumba kimoja huwa ya mdomo, au karatasi moja iliyonunuliwa stesheneri, na ikitaja mnyama husema tu kuwa hairuhusiwi kufuga.

Katazo la jumla la namna hiyo lina kasoro moja kubwa kiafya: haliondoi mbwa mtaani, bali humwondoa machoni. Ni rahisi kulitambua kwa kutembea asubuhi kandokando ya mto Mirongo au kwenye dampo lolote la mtaa. Mbwa wanaoonekana pale wakigombea takataka wengi wao si mbwa pori. Wana kwao, wana watu wanaowapa ukoko wa ugali jioni, ila hakuna anayethubutu kusema "huyu ni wangu".

Swali la kubadilishwa katika ukaguzi

Mwenye nyumba akija kukagua huuliza, "Nani ana mbwa hapa?" Jibu huwa kimya. Swali lenye faida kwa afya ya nyumba nzima ni jingine: "Mbwa huyu alichanjwa lini, na cheti kiko wapi?" Swali la pili linachukulia kuwa mbwa yupo, jambo ambalo mara nyingi ni kweli, na linaweka mzigo pale unapostahili.

Nguvu ya swali hilo inatokana na tabia ya ugonjwa wenyewe. Watafiti waliofuatilia kichaa cha mbwa katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro, wakienda nyumba kwa nyumba kuuliza ni mnyama gani alimng'ata nani, waligundua kuwa kila mbwa mwenye kichaa huambukiza kwa wastani mbwa mmoja na kidogo. Huo ni uenezi mdogo kuliko wa surua au hata mafua. Maana yake ni kwamba mnyororo wa maambukizi hukatika upesi pale mbwa wa kutosha wanapokuwa na kinga, na kiwango kinacholengwa duniani ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa wote katika eneo, na kurudia kampeni hiyo kila mwaka kwa kuwa mbwa hufa mapema na vitoto huzaliwa kila msimu. Kisiwani Pemba, ambako ugonjwa ulirejea baada ya kuwa umetoweka, chanjo ya mbwa iliyofanywa upya kwa bidii iliuondoa tena. Kuua mbwa ovyo, kwa sumu au marungu, hakujatoa matokeo kama hayo popote. Mbwa waliouawa nafasi zao huchukuliwa na vitoto visivyo na kinga, na wenye mbwa huwaficha zaidi.

Kwa hiyo mbwa kumi waliofichwa katika mtaa mmoja ni zaidi ya mbwa kumi. Ndio wanaoweza kuufanya mtaa ubaki chini ya asilimia 70, hata kama afisa mifugo alikaa chini ya mwembe na kasha lake la chanjo kutwa nzima akisubiri.

Mwenye nyumba anayekubali wanyama anaweza kuandika masharti mafupi katika mkataba: mbwa awe amechanjwa na cheti kionyeshwe, awe na mahali pake pa kufungiwa mchana, kinyesi kiondolewe kila siku, idadi isizidi mmoja au wawili, vitoto vikizaliwa taarifa itolewe, na mnyama akimng'ata mtu asiuawe wala kuhamishwa kabla afisa mifugo hajaarifiwa. Sharti hilo la mwisho ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote na ndilo ambalo halipo katika mkataba wowote wa kununua dukani. Akija kukagua, aombe cheti kama anavyoomba risiti ya umeme. Akague pia mnyororo usiwe mfupi wa kumtesa mnyama, kwani mbwa anayefungwa mchana kutwa juani bila maji huwa mkali, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza mateso ya namna hiyo. Ukaguzi wenyewe ufanywe kwa taarifa. Kumshtukiza mpangaji humfundisha kuficha vizuri zaidi.

Chanjo ya mbwa haiwi kinga siku ile ile. Mwili wake huhitaji takribani wiki tatu hadi nne kujenga kinga baada ya sindano ya kwanza. Kitoto cha mbwa nacho huchanjwa. Dhana kwamba vitoto havina kichaa imewaponza watoto wengi, kwa kuwa ndivyo wanavyovichezea zaidi, ndivyo vinavyong'ata kwa meno madogo makali, na mkwaruzo wake hupuuzwa. Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, halmashauri nyingi huendesha chanjo, lakini mwenye mbwa hana haja ya kungojea Septemba. Afisa mifugo wa kata ndiye wa kuulizwa.

Mtu akishang'atwa

Hatua ya kwanza ni maji na sabuni, kabla ya kutafuta usafiri na kabla ya kumtafuta mwenye mbwa. Jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili. Dakika hizo ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Afadhali mtu atazame saa. Sabuni ya kipande ya kufulia inatosha. Kirusi hiki kina utando wa mafuta ambao sabuni huuharibu, na maji huondoa mate yaliyobaki. Anayeishi kisiwani au kambi ya wavuvi ambako maji yaliyopo ni ya ziwa, ayachote kwa ndoo na kumimina juu ya jeraha. Asisimame ziwani, kwa kuwa humo ana hatari nyingine ya kichocho. Baada ya kuosha, dawa ya kuua vijidudu yenye ayodini ipakwe ikiwa ipo. Mafuta ya taa, pilipili, tumbaku, maji ya betri, majani yaliyotafunwa na kuchanjwa kwa wembe haviui kirusi. Baadhi huchubua jeraha na kukifungulia njia zaidi.

Pili, kituo cha afya siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo, na hata kama mbwa anajulikana. Mtoa huduma atalipanga jeraha katika moja ya makundi matatu ya Shirika la Afya Duniani. Aliyeguswa au kulambwa kwenye ngozi nzima hahitaji chanjo. Aliyekwaruzwa kidogo au kubanwa na meno ngozi isiyofunikwa nguo bila kutoka damu huhitaji chanjo. Aliyetobolewa ngozi, aliyelambwa kwenye mchubuko, mdomoni au machoni, huhitaji chanjo pamoja na kingamwili za kichaa cha mbwa, ambazo huchomwa ndani na pembezoni mwa jeraha lenyewe. Kingamwili hizo ni adimu na ghali, na zisipopatikana siku ya kwanza zinaweza kutolewa hadi siku ya saba tangu dozi ya kwanza ya chanjo. Baada ya hapo mwili umeshaanza kutengeneza zake. Kukosekana kwake kusiwe sababu ya kuchelewesha chanjo hata kwa saa moja.

Kuhusu ratiba ya chanjo, mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2018 unaruhusu njia ya kuchoma ndani ya ngozi, mililita 0.1 sehemu mbili, siku ya 0, ya 3 na ya 7. Njia hii hutumia dawa kidogo, hivyo chupa moja huhudumia zaidi ya mtu mmoja wanapokuja siku moja. Njia ya kuchoma kwenye misuli ina dozi nne, siku ya 0, ya 3, ya 7 na kati ya 14 na 28. Kituo hufuata mwongozo wa taifa na aina ya chanjo iliyopo. Mgonjwa naye ajue kwamba siku ya 0 ni siku ya sindano ya kwanza, si siku ya kung'atwa. Ujauzito, unyonyeshaji na uchanga si vizuizi. Imani kwamba mjamzito asubiri ajifungue imeshapoteza maisha ya watu wawili kwa mpigo mara nyingi.

Aliyechelewa wiki mbili au mwezi asiambiwe kuwa muda umepita. Maadamu hana dalili, chanjo ianze. Jambo hili lina maana ya pekee kwa watu wa Ukerewe na visiwa vingine, ambao safari ya meli kutoka Nansio hadi Mwanza huwachukua takribani saa tatu, na ambao wakati mwingine husubiri kupata nauli kwanza. Kwa familia inayoishi chumba kimoja, gharama ya dozi na nauli hushindana na kodi ya mwezi. Mhudumu anayeanzisha chanjo amsaidie mgonjwa kujua ni kituo gani kilicho karibu naye chenye dozi zinazofuata, kabla hajaondoka.

Jeraha la mbwa lisishonwe upesi. Likihitaji kushonwa kwa sababu ya damu au uso kuharibika, kingamwili zitangulie, na nyuzi ziwe chache. Chanjo ya pepopunda iangaliwe. Meno ya paka ni membamba na huingiza bakteria ndani zaidi kuliko ya mbwa, hasa kwenye kiganja, hivyo jeraha dogo la paka mkononi laweza kuvimba ndani ya saa 24 na kuhitaji dawa ya kuua bakteria.

Siku kumi za mbwa

Mbwa au paka aliyeng'ata, akiwa anaonekana mzima, afungwe mahali salama na kuangaliwa kwa siku 10. Sababu ni kwamba kirusi hufika kwenye mate karibu na wakati dalili zinapoanza, na mnyama mwenye kirusi kwenye mate leo atakuwa ameugua au amekufa ndani ya siku hizo. Akiwa hai na mzima siku ya kumi, mate yake siku aliyong'ata hayakuwa na kirusi, na dozi zilizobaki kwa mgonjwa zinaweza kusitishwa kwa ushauri wa daktari. Chanjo ya mtu huanza mara moja. Haisubiri siku hizo zipite. Kanuni hii ni ya mbwa na paka tu. Aliyeng'atwa na tumbili, nguchiro au mbweha hapati fursa ya kusubiri chochote.

Hapa ndipo hofu ya mwenye nyumba inapoleta hasara kubwa kuliko zote. Mpangaji anayeogopa kufukuzwa humpeleka mbwa porini usiku ule ule, au humuua na kumtupa dampo. Asubuhi anaapa kuwa hakuwahi kuwa na mbwa. Ushahidi pekee ambao ungemweleza daktari kama mtoto yumo hatarini umetoweka, na kama mbwa alikuwa mgonjwa kweli, sasa anazurura mtaa mwingine akiwang'ata mbwa na watu wasiojua alikotoka. Mbwa akifa au akiuawa, kichwa kisipondwe, kwa kuwa ubongo ndio unaopimwa. Afisa mifugo aitwe achukue sampuli kwa ajili ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Kichaa cha mbwa ni miongoni mwa magonjwa ambayo taarifa zake hutakiwa kutolewa, kwa upande wa mifugo na wa binadamu pia.

Mhudumu wa zahanati ana kazi ya kuuliza, na namna ya kuuliza ni nusu ya kazi. "Mbwa ni wa nani?" ni swali la polisi. Afadhali kuanza na "Mbwa huyo sasa yuko wapi?", "Alikuwa na hali gani, alichokozwa au alivamia tu?", "Kuna mwingine aliyeng'atwa?" Mama akisitasita, aelezwe wazi kuwa kituo hakiwasiliani na mwenye nyumba, kwamba habari zake ni siri ya matibabu, na kwamba anayehitaji kujua alipo mnyama ni afisa mifugo tu. Simu moja kati ya muuguzi na afisa mifugo wa kata hufanya kazi kubwa. Utaratibu wa kuunganisha idara hizi mbili kwa kila tukio la kung'atwa umejaribiwa katika baadhi ya mikoa ya Tanzania, ukiwemo Mara, ng'ambo ya Ghuba ya Speke, na umesaidia kugundua wagonjwa na mbwa ambao wasingejulikana. Mwenyekiti wa mtaa na balozi wa nyumba kumi wanaweza kusaidia kumtafuta mbwa, mradi wajue kuwa kazi yao ni kumfunga mnyama, wala si kumhukumu mpangaji.

Yasiyo kichaa

Mwenye nyumba anayekagua kwa jicho la afya ataona mambo mengine pia. Mayai ya minyoo ya mbwa yaliyo kwenye kinyesi huhitaji wiki mbili hadi tatu udongoni kabla ya kuweza kuambukiza. Kinyesi kikizolewa kila siku, watoto wanaochezea mchanga wa uani huwa salama. Mapunye kichwani kwa watoto wa chumba kimoja baada ya kingine yaweza kutoka kwa paka mwenye mabaka ya manyoya yaliyonyonyoka. Funza wa miguuni huzaliana pia kwa mbwa, hivyo kutibu watoto na kumwacha mbwa ni kazi isiyoisha.

Mjamzito mwenye paka huambiwa mara nyingi na majirani, na wakati mwingine na wahudumu, amtupe mnyama huyo kwa hofu ya toksoplasma. Hakuna haja. Kimelea hicho kikitoka kwenye kinyesi cha paka huhitaji siku moja hadi tano kabla ya kuambukiza, kwa hiyo mtu mwingine wa nyumbani akisafisha kila siku, na mama akanawa mikono baada ya kushika udongo au mchicha wa bustani, hatari hupungua sana. Nyama isiyoiva vizuri humwambukiza mtu pia, na hiyo hakuna mwenye nyumba anayeikagua. Ushauri huo huo unamfaa mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI ambaye kinga yake imeshuka.

Mpangaji anapohama

Sehemu ya mwisho ya mkataba, ambayo mara nyingi haiandikwi, ni siku ya kuhama. Mpangaji hupakia godoro, jiko la gesi na ndoo kwenye guta, na nyumba mpya ya Buhongwa au Igoma haitaki mbwa. Mnyama huachwa. Kwa siku kadhaa hulala mlangoni pa chumba alichokizoea, mpangaji mpya humfukuza, kisha huhamia dampo na kuingia katika kundi lisilo na mwenyewe. Ukaguzi wa kukabidhiana chumba, ambao mwenye nyumba hutazama vitasa, soketi na rangi ya ukuta, ni wakati mzuri wa kuuliza mnyama anakwenda wapi. Asiyeweza kuhama naye amtafutie mtu wa kumpokea na amkabidhi pamoja na cheti cha chanjo, kwa kuwa tarehe ya dozi ijayo imeandikwa humo, au amweleze afisa mifugo wa kata mapema, wiki mbili kabla ya gari kuja.